Kwa nini "Whose Line" ya Waingereza haifanani na ya Wamarekani?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Sisi ni kikundi cha wanachuo tunaofanya vichekesho vya papo kwa papo kila Ijumaa jioni. Karibu yote tunayojua tumeyapata kwa kutazama mtandaoni vipande vya Whose Line Is It Anyway? ya Marekani, kile kipindi cha televisheni cha vichekesho hivyo. Hivi karibuni tulikutana na ile ya Uingereza, tukashangaa. Michezo ni ileile, hata baadhi ya sura ni zilezile, lakini ladha ni nyingine kabisa. Mmoja wetu anasema jibu ni rahisi, kwamba Waingereza wana ucheshi wao na Wamarekani wana wao. Je, ni hivyo tu? Na sisi tujifunze kwa nani?"

Marahaba, vijana wangu, na hongereni kwa kufanya mazoezi kila wiki. Sanaa hii haishikiki bila hilo.

Mwenzenu amegusa ukweli kidogo, lakini nadharia yake inaanguka mara tu mtakapouliza waliomo kwenye hilo toleo la Uingereza wametoka wapi. Ryan Stiles, yule mrefu, alizaliwa Seattle akakulia Kanada. Colin Mochrie alizaliwa Uskoti, lakini ni Kanada iliyomlea na kumfundisha kazi. Mike McShane na Greg Proops ni Wamarekani. Sehemu kubwa ya kile mnachokiita ucheshi wa Kiingereza, hasa kuanzia miaka ya 1990, ililetwa na watu waliovuka Atlantiki. Kwa hiyo tofauti tuitafute kwingine. Mimi naiona katika jinsi kila toleo lilivyowapanga watu wake: nani anamjua nani, nani ana mamlaka juu ya nani, na mtu akikwama nini kinafuata.

Tuanze na chimbuko, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kipindi kilibuniwa na Dan Patterson na Mark Leveson, na hakikuanzia kwenye televisheni. Kilianza redioni, BBC Radio 4, Januari 1988, kwa vipindi sita tu. Mwendesha kipindi alikuwa Clive Anderson, na waliokuwamo kila wiki ni John Sessions na Stephen Fry. Septemba mwaka huohuo kikahamia kituo cha televisheni cha Channel 4, kikakaa huko hadi mwanzoni mwa 1999.

Huo uzazi wa redioni unaonekana wazi katika misimu ya mwanzo. Kulikuwa na mchezo ambao kila mwigizaji anachagua mwandishi mmoja, kisha wote wanne wanasimulia hadithi moja kwa zamu, kila mtu kwa mtindo wa mwandishi wake, na Anderson ndiye anayeamua nani apokee. Hakuna mwili pale, hakuna kuruka wala kuanguka. Ni maneno matupu, na anayeshinda ni aliyesoma sana. Sessions alikuwa bingwa wa mchezo huo. Anderson, Fry, Tony Slattery na Sandi Toksvig wote walipitia Footlights, klabu ya vichekesho ya Chuo Kikuu cha Cambridge, na Jimmy Mulville, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Hat Trick iliyokitengeneza kipindi, alitokea hukohuko. Ukiwatazama unawaona ni watu wenye akili kali wanaoshindana kuonyesha nani ana akili kali zaidi. Inafurahisha, lakini kuna ubaridi fulani ndani yake, kwa sababu mara nyingi kila mmoja anacheza peke yake.

Kilichoondoa ubaridi huo kilitoka mahali pengine. Mwaka 1985 lilianzishwa London kundi la Comedy Store Players, na miongoni mwa waanzilishi walikuwamo Mkanada Mike Myers na Mmarekani Kit Hollerbach, waliokuja na mbinu za kucheza kwa pamoja. Paul Merton na Josie Lawrence, waliocheza kwenye kipindi chetu, walikulia kisanaa katika kundi hilo. Mbinu zenyewe zina historia ndefu. Upande mmoja ni Chicago, ambako Viola Spolin alitunga michezo ya kuwafundishia watoto uigizaji, na mwanawe Paul Sills akawa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la vichekesho la Second City mwaka 1959. Upande mwingine ni Keith Johnstone, Mwingereza aliyefanya kazi katika ukumbi wa Royal Court wa London kabla ya kuhamia Calgary, Kanada. Huko alibuni Theatresports, mashindano ya maigizo ya papo kwa papo yenye waamuzi na pointi. Mochrie alicheza Theatresports kule Vancouver, ndiko walikofahamiana na Stiles, na baadaye wote wawili wakapita Second City ya Toronto.

Itazameni njia hiyo vizuri. Wazo linatoka London na Johnstone, linafika magharibi ya Kanada, linarudi London mikononi mwa Stiles na Mochrie, halafu linaenda Hollywood. Ndiyo maana sipendi mashindano ya "yetu ya asili, yao ya kuiga". Kila upande umelelewa na mwingine.

Sasa tuingie jukwaani.

Clive Anderson kitaaluma ni wakili, na alikiongoza kipindi kama mtu aliyezoea mahakama. Anauliza, anakatiza, anachokoza. Mwigizaji akitoa utani dhaifu, Anderson anausema udhaifu huo palepale. Nao hawanyamazi, wanamrudishia kwa upara wake na kwa kazi yake. Tabasamu lipo, lakini umbali kati ya meza yake na viti vinne vya waigizaji ni umbali wa kweli. Yeye hachezi. Kazi yake ni kuwapa watu mtihani, na watazamaji wanajua kwamba ni mtihani. Slattery anapopewa jambo gumu, mnauona wasiwasi usoni mwake kwa nusu sekunde kabla hajaruka nalo. Nusu sekunde hiyo ndiyo utamu wa toleo la Uingereza. Wahariri waliiacha, wala hawakuikata.

Drew Carey, mwendesha kipindi wa toleo la Marekani, ni kinyume chake. Kituo cha ABC kilipoanza kurusha toleo hilo Agosti 1998, Carey alikuwa tayari nyota wa kituo hichohicho kupitia tamthilia ya vichekesho ya The Drew Carey Show, na Stiles alikuwa akiigiza naye humo tangu 1995. Kwa hiyo kipindi kilianza na urafiki mkononi. Carey hajifanyi hakimu. Anafungua kila kipindi kwa kutangaza kwamba kila kitu kinabuniwa papo hapo na pointi hazina maana yoyote, kisha anakaa na kucheka kwa sauti kuliko mtu yeyote ukumbini. Mwishoni anaondoka kwenye meza yake na kuingia mchezoni mwenyewe, au anamkalisha mshindi kwenye kiti chake. Anderson asingefanya hivyo, maana mtahini akishaingia kwenye mtihani, mtihani umekwisha.

Pointi hazikuwa na maana London pia. Anderson alizigawa apendavyo. Lakini kule zilikuwa silaha ya kuchokozea, na kwa Carey zikawa tangazo la amani: hakuna anayeshindwa hapa. Hiyo peke yake inabadilisha jinsi mwili wa mwigizaji unavyosimama jukwaani.

Halafu kuna suala la viti, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Kwa miaka mingi Channel 4 ilibadilisha watu kila kipindi. Wiki hii ni Sessions, Lawrence, Slattery na McShane, wiki ijayo ni wengine. Mtu angeweza kujikuta kwenye igizo na mwenzake ambaye hajawahi kucheza naye. ABC ikaweka watatu wa kudumu, Stiles, Mochrie na, kuanzia msimu wa pili, Wayne Brady, na kiti kimoja tu kikabaki cha kuzungushwa kati ya watu kama Proops, Brad Sherwood, Chip Esten, Kathy Griffin na Jeff Davis.

Tazameni mchezo wa mikono ya kuazima, unaoitwa Helping Hands, kwani umo katika matoleo yote mawili. Stiles anaficha mikono yake nyuma ya mgongo. Mochrie anasimama nyuma yake, uso umefichwa, na kupitisha mikono yake chini ya makwapa ya Stiles. Sasa Stiles anaongea na mikono ni ya mtu asiyeona chochote. Mezani kuna vyakula na vinywaji halisi. Angalieni mikono ya Mochrie inavyopapasa: inashika chombo, inakipima uzito, inasita, inakifungua. Stiles anayaona yanayokuja kabla Mochrie hajayajua, na kazi yake ni kuyapa sababu. Akisema "ngoja ninywe kidogo," mikono inamiminia nusu kinywani na nusu shatini, naye anaendelea na mazungumzo kana kwamba hivyo ndivyo wastaarabu wanywavyo. Hakatai kitu. Chochote ambacho mikono imefanya kinageuzwa papo hapo kuwa nia ya mhusika wake tangu mwanzo. Kazi hiyo haiwezekani kati ya watu wawili wanaoshindana. Inataka mtu aliyekwisha kukubali kumwagiwa, na mwenzake anayejua afikie wapi na aishie wapi.

Na hapa kuna jambo ambalo nadharia ya mwenzenu haiwezi kulieleza. Muungano huo wa Stiles na Mochrie ulizaliwa mbele ya kamera za London. Stiles aliingia mwaka 1989, Mochrie akaonekana mara ya kwanza 1991, na kufikia katikati ya muongo huo ilikuwa nadra kuona kipindi cha Channel 4 bila wao. Sessions alikuwa amekwisha kuondoka, Slattery naye akaondoka. Hata mahali pa kurekodia palikuwa panahama. Baadhi ya vipindi vya Channel 4 vilirekodiwa New York, na msimu wa mwisho ulirekodiwa Hollywood, ukiwa na Wayne Brady ndani yake na Laura Hall kwenye kinanda kwa kumpokea Richard Vranch. Chukueni kipindi cha msimu huo mkiweke kando ya kipindi cha kwanza cha ABC. Karibu ni watu walewale, mji uleule na mwaka uleule. Kinachobaki kuwatofautisha ni Anderson na Carey. Mpaka mkubwa, basi, haupo kati ya nchi mbili. Upo ndani ya toleo la Uingereza lenyewe, kati ya miaka ya wageni wanaojaribiwa na miaka ya marafiki wanaopokeana.

Kuna mambo mawili ya kituo na saa ambayo lazima niyataje, ingawa hayahitaji maneno mengi. Channel 4 ilikirusha usiku, baada ya saa tatu, wakati ambapo sheria za Uingereza zinawapa watangazaji uhuru zaidi wa lugha. ABC baadaye ilikiweka saa mbili usiku, kikishindana na tamthilia ya vichekesho ya Friends, na Marekani ina kanuni kali kwa televisheni ya hewani kabla ya saa nne usiku. Ndiyo sababu mnasikia mlio unaofunika maneno. Kikwazo hicho kiliwafunza Wamarekani kusema kwa macho, kwa kusita, kwa kugeuza shingo. Mochrie anaweza kupata kicheko kikubwa kwa kutosema neno. Pili, nusu saa ya ABC ilikuwa dakika 22 hivi baada ya kutoa matangazo ya biashara, tena zimekatwakatwa vipande. Michezo ikawa mifupi, na wahariri wakaondoa karibu kila kigugumizi. Pande zote mbili zilirekodi zaidi ya zilivyorusha, lakini Wamarekani walirekodi na kutunza kiasi kwamba vipindi vipya viliendelea kuonyeshwa kwenye kituo dada cha ABC Family hadi 2007 kwa kutumia vilivyorekodiwa miaka ya nyuma. Mnapotazama vipande mtandaoni mnatazama kilichochujwa mara tatu: na wahariri, na kituo, kisha na shabiki aliyechagua dakika mbili bora. Msijipime kwa kipimo hicho. Hakuna kikundi duniani kinachochekesha hivyo kila dakika.

Kwenye mapendekezo ya watazamaji, London ilikuwa wazi zaidi. Anderson aliuliza ukumbi, watu wakapaza sauti, mkayasikia mapendekezo matano yakigongana, naye akachukua moja. Katika toleo la ABC mapendekezo mengi yalikusanywa mapema, na Carey anayasoma kutoka kwenye kadi au kuyachomoa kwenye kofia. Sidai kwamba wanadanganya. Mwigizaji bado hajui atapewa nini. Lakini mtazamaji wa nyumbani haoni jambo likizaliwa, anaona limekwisha kufika. Kwa mtu anayejifunza hiyo ni hasara, kwa sababu kuomba pendekezo ni ufundi wake wenyewe. Anderson alijua kulikataa lile la kwanza, ambalo karibu kila mara ni lilelile lililozoeleka, na kungoja la tatu.

Muziki ndio uwanja ambao Marekani ilipiga hatua kubwa. McShane na Lawrence waliimba vizuri mno, na Lawrence akimwimbia mtu wa ukumbini alikuwa na huruma ambayo sijaiona kwa mwingine yeyote katika kipindi hiki. Lakini Brady ni jambo jingine. Katika mchezo wa santuri ya nyimbo zilizovuma, Stiles na Mochrie wanakaa kama wauzaji wa kwenye televisheni, wanapiga soga, kisha wanataja jina la wimbo usiokuwapo na mtindo wake. Laura Hall anaanza kupiga, na Brady ana mdundo mmoja au miwili tu ya kujua aingie wapi. Anakuja na beti, kiitikio, vina na miondoko ya mtindo huo. Mwaka 2003 alipata tuzo ya Emmy kwa kazi yake katika kipindi hiki. Wasikilizeni wauzaji wale wawili pia. Soga lao linaonekana la kipuuzi, lakini ndilo linalompa Brady muda wa kupumua, na mara nyingi ndilo linalompa mada inayoimbika. Wenzake wanamtengenezea njia.

Kuna ambalo linaniuma kuhusu toleo la ABC, nalo ni uchache wa wanawake. London haikuwa mfano mzuri sana, lakini Lawrence alikuwa nguzo ya kweli, na Toksvig na Caroline Quentin walipata nafasi zao. Huko ABC viti vitatu vya kudumu vilikuwa vya wanaume, na mwanamke akaja kama mgeni kwenye kiti cha nne, akiingia kwenye mazungumzo ya watu waliofahamiana kwa miaka. Hii ndiyo gharama ya urafiki niliousifu hapo juu: kundi likishikamana sana, mlango unakuwa mwembamba. Kipindi kiliporudi 2013 kwenye kituo cha The CW, mwendesha kipindi alikuwa Aisha Tyler, na aliiongoza meza ile kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini viti vile vitatu vilibaki na wenyewe walewale.

Mtajifunza kwa nani, basi? Kwa mahali mlipofika, nasema anzeni na Channel 4 ya kati, kuanzia mwanzoni hadi katikati ya miaka ya 1990. Tafuteni vipindi vizima, wala si vipande. Humo mtaona watu hodari wakikwama, na mtaona wanavyojinasua. Msimamishe picha pale mtu anapopewa jambo gumu, mjiulize mngefanya nini, kisha muendelee. Baada ya hapo rudini kwa Wamarekani mliowazoea, lakini safari hii msimtazame anayechekesha. Mtazameni aliye kando yake. Mkimtazama Mochrie wakati Stiles anaongea mtapata zaidi ya mtakachopata kwa kumtazama Stiles.

Kwenye mazoezi yenu, nawashauri mpange mambo kinyume cha televisheni. Uchokozi wa Anderson na utani wa Carey kuhusu pointi viacheni. Hivyo ni vya watu wanaolipwa na wenye mhariri. Mikono ya kuazima ifanyeni kila wiki, na kila wiki mbadilishane wenza, ili pasizaliwe wawili wa kudumu mapema mno na wengine wakabaki wageni. Mkijigundua mmeanza kuwapa majukumu makubwa walewale kila Ijumaa, kumbukeni kiti cha nne cha ABC na mzungushe viti kabla ya kusonga mbele. Mapendekezo yaombeni kwa sauti mbele ya watu, kwa swali linalobana. Msiseme "tupeni mahali," semeni "ni wapi mtu hapaswi kabisa kulala usingizi?" Swali la pili halitawaletea sokoni wala hospitali kila wiki.

Nyimbo ziacheni hadi mpate mpiga kinanda au gitaa anayesikiliza. Hall na Vranch hawakuwa wapambe. Walikuwa waigizaji wa tano, wakijua lini waongeze mwendo ili kumwokoa anayezama na lini wanyamaze kabisa. Mkimpata mtu wa namna hiyo, awe nanyi tangu mazoezi ya kwanza, msimwite siku ya onyesho.